Muhula Mmoja Seoul: Nasaha kwa Mwanafunzi Msafiri

Muhula wa chuo kikuu katika Korea ya Kusini ni majuma 16, na katika hayo juma la 8 hushikwa na mitihani ya kati na lile la mwisho hushikwa na mitihani ya kumalizia, hata mwanafunzi mgeni anayeteremka katika uwanja wa ndege wa Incheon akidhani kwamba ana wakati mwingi mbele yake hujikuta, kabla hajajua vema taka za jikoni zitupwe siku gani na katika mfuko gani, nusu ya safari imekwisha kumponyoka. Kwa sababu hiyo nasaha hizi hazikuandikwa kwa mtalii, ambaye akipotea njia leo atakwenda kwingine kesho, wala kwa mwenye kukaa miaka minne, ambaye siku zenyewe zitamrekebishia makosa yake. Zimeandikwa kwa kijana wa chuo cha kwetu, awe ametoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala ama Bujumbura, aliyepata nafasi ya kubadilishana kwa muhula mmoja na ambaye muradi wake ni kurudi na alama zinazokubalika, afya timamu, na maarifa ya watu wa huko yanayozidi picha za maua.

Shauri langu la msingi, ambalo mengine yote ni matawi yake, ni kwamba mambo ya karatasi yamalizwe mapema kuliko unavyodhani ni lazima, na kisha, badala ya kuufukuzia mji wenye watu zaidi ya milioni 9 pembe hata pembe, ujifunge na mtaa mmoja na watu wachache: mkahawa mmoja ambao mwenyewe atakuzoea sura, maktaba moja, chama kimoja cha wanafunzi, na njia moja ya kwenda kwa miguu. Seoul ilifanywa mji mkuu mwaka 1394, na mambo yake hayawezi kumalizwa kutazamwa kwa miezi minne. Lakini mtaa mmoja wa Seoul waweza kujulikana kwa muda huo, na aliyeujua mmoja ameanza kufahamu jinsi mingine inavyoendeshwa.

Swali la kwanza ni msimu. Mwaka wa masomo wa Korea huanza Machi, nao una mihula miwili: wa machipuko, tangu mwanzo wa Machi hata katikati au mwisho wa Juni, na wa mapukutiko, tangu mwanzo wa Septemba hata katikati au mwisho wa Desemba. Wengi katika watu wa kwetu huupendelea wa Septemba kwa kuwa joto huwa bado lipo na baridi huja kwa hatua, na hoja hiyo ina nguvu, maana mtu aliyezaliwa Tanga akifika Seoul mwishoni mwa Februari hukutana na upepo ambao hata angesimuliwa asingeusadiki. Pamoja na hayo, mwenye hiari namshauri achague Machi. Huo ndio mwezi ambao wanafunzi wapya wote, wenyeji kwa wageni, hawajuani; vyama vya nyimbo, vya kupanda milima, vya ngoma za asili na vya kupiga picha hutandaza meza zao uwanjani vikitafuta wanachama, na mgeni anayejiunga wakati huo hupokewa kama mpya miongoni mwa wapya. Anayefika Septemba huwakuta watu wameshashibana. Machi ina adha yake pia: miti ya cheri huchanua mwanzoni mwa Aprili, mitihani ya kati ikiwa mlangoni, na vijana wa Korea wana utani wao wa siku nyingi kwamba ua lile ni tangazo la mtihani.

Katika mapatano ya kawaida ya kubadilishana wanafunzi, ada ya masomo hulipwa chuo cha nyumbani, na chuo kinachopokea hakidai nyingine. Lakini tiketi, malazi, chakula na bima ni juu ya msafiri mwenyewe isipokuwa ana ufadhili, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa walisikia neno la kusamehewa ada wakadhani wamesamehewa yote. Kabla hujakata tiketi, mwendee mkuu wa idara yako na orodha ya masomo unayokusudia kuyachukua, pamoja na mengine matatu au manne ya akiba, akuandikie kwamba yatahesabiwa katika shahada yako. Masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza ni mengi katika vyuo vikubwa vya Seoul, lakini hayatolewi yote kila muhula, na ahadi ya mdomo uliyopewa mlangoni mwa ofisi haitakufaa kitu utakaporejea, hasa ikiwa mkuu mwenyewe amekwisha kubadilishwa. Viza ya kubadilishana ni ile ya aina ya D-2-6, nayo huombwa ubalozi wa Korea, ambao upo Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Kinshasa, baada ya chuo kinachopokea kukuletea cheti cha kukubaliwa. Na pamoja na cheti hicho hudaiwa ushahidi wa fedha zilizo benki. Jiandae pia kupimwa kifua kikuu, kwa maana raia wa nchi kadhaa hudaiwa kipimo hicho na uhamiaji, na dakhalia nyingi humdai kila anayeingia, awe ametoka nchi gani.

Kisha jifunze herufi. Mfalme Sejong alizitunga mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, kwa kusudi la kwamba mtu wa kawaida, ambaye hakuwa na miaka ya kuyasomea maandishi ya Kichina, naye aweze kusoma, na kusudi hilo lingali likifanya kazi hata leo. Herufi za msingi ni 24, konsonanti 14 na irabu 10, nazo hufungamanishwa silabi kwa silabi, jambo ambalo mtu aliyefundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu halimtishi hata kidogo. Jioni za juma moja zinatosha. Hutafahamu maana ya kila unachokisoma, lakini utaweza kukitamka, na kule kutamka peke yake hufungua mambo mengi: vyakula vilivyoandikwa ukutani, jina la basi, kitufe cha mashine ya kufulia. Anayezikwepa herufi hizi kwa tumaini kwamba kila kitu kimeandikwa pia kwa herufi za Kizungu hufaulu katika treni, ambako ni kweli, na hukwama katika duka la dawa, ambako si kweli.

Kutoka Incheon treni huingia mpaka kituo kikuu cha Seoul. Ile isiyosimama njiani huchukua dakika 43 hivi, na ile inayosimama kila kituo, ambayo nauli yake ni nafuu, huchukua kama saa nzima. Nunua kadi ya T-money katika kijiduka chochote kinachokesha, uitie fedha taslimu, nayo itakupandisha treni na basi. Mgeni aghalabu haambiwi kwamba katika kushuka basi lazima aiguse mashine tena kama alivyoigusa wakati wa kupanda, kwa sababu anayeingia gari jingine kabla ya dakika 30 kupita hatozwi nauli mpya ya mwanzo, bali nyongeza ya masafa tu, na asiyegusa hupoteza haki hiyo kila siku bila kujua. Njia ya pili ya treni, yenye rangi ya kijani, huuzunguka mji ikarudi ilipoanzia, na juu yake vimepangwa vyuo: Hongik, Yonsei katika kituo cha Sinchon, Ewha, Hanyang, Konkuk. Jihadhari na kituo chenye jina la Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, ambacho kiko mbali na lango la chuo chenyewe, na aliyekusudia kwenda kwa miguu siku ya kwanza hufika darasani ametota jasho hata kama ni Machi. Ramani ya Google, ambayo kwetu hutumika kwa kila kitu, huko haikuongozi vema kwa miguu. Wenyeji hutumia Naver Map au KakaoMap.

Juma la kwanza lina kazi moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni hati ya ukaazi. Sheria inakupa siku 90 tangu kuingia nchini, na muda huo mrefu ndio unaowadanganya watu, kwa kuwa miadi ya ofisi ya uhamiaji hujaa kwa majuma mengi mwanzoni mwa muhula, ilhali mambo mengi yanaingoja hati hiyo: bila hiyo ni taabu kupata laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na bila laini ya namna hiyo hakuna kuthibitishwa mtandaoni kuwa wewe ni wewe, na bila uthibitisho huo huwezi kununua bidhaa wala kuagiza chakula kwa simu kama wafanyavyo wenzako. Vyuo vingine huwaombea wanafunzi wao hati kwa pamoja. Uliza siku ile ile ya kufika, na kama chuo chako hakifanyi hivyo, weka miadi kabla hujafungua sanduku. Tangu mwaka 2021 mwanafunzi wa kigeni huandikishwa katika bima ya afya ya taifa kwa lazima, na ankara humjia kila mwezi. Asiistaajabie wala asiiache ikalimbikizana, maana deni hilo huonekana uhamiaji. Ukikwama kwa lolote la ukaazi, piga simu namba 1345, ambako hujibu kwa lugha nyingi. Polisi ni 112, na gari la wagonjwa ni 119. Na kazi ya ujira, hata ya saa chache katika mkahawa, usiiguse bila kibali cha uhamiaji.

Malazi ni ya namna tatu. Dakhalia ya chuo, mwenye kuipata asiiache, kwa kuwa ni rahisi, ipo karibu, na mkataba wake unalingana na muhula. Kasoro zake ni masharti, kwani nyingine hufunga milango usiku wa manane hata alfajiri, na kupika chumbani ni marufuku. Namna ya pili ni gosiwon, vyumba vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu waliojifungia kusomea mitihani ya serikali, ambamo ukinyoosha mikono huenda ukagusa kuta mbili kwa pamoja. Hulipiwa mwezi kwa mwezi bila amana kubwa, na mara nyingi wali na kimchi hupatikana bure katika jiko la pamoja. Namna ya tatu ni chumba cha kupanga cha kawaida, ambacho hudai amana ya mamilioni ya won na mkataba wa mwaka, kwa hiyo si cha mtu wa muhula. Popote utakapolala, viatu huvuliwa mlangoni, sharti ambalo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa, na joto la nyumba hutoka chini ya sakafu, raha ambayo sina namna ya kuieleza kwa asiyeionja.

Sasa nakuja kwenye taka, na msomaji asinicheke, kwa sababu ugomvi mwingi baina ya mgeni na majirani zake huanzia hapo. Tangu mwaka 1995 taka za Korea hutupwa kwa kulipia, na malipo yenyewe yamo katika mfuko: unanunua dukani mfuko rasmi ulioandikwa jina la wilaya yako, mkubwa kwa bei kubwa na mdogo kwa bei ndogo, na ule wa wilaya ya jirani hautakiwi. Mabaki ya chakula yana mfuko wake au pipa lake, na katika majengo mengine pipa hilo hupima uzito na kumtoza kila mtu alichokitia. Lakini mifupa ya kuku, maganda ya mayai na maganda makavu ya kitunguu, ambayo mpishi yeyote wa kwetu angeyaita mabaki ya chakula, huko hayahesabiwi hivyo, maana kipimo chao ni kile ambacho mnyama aweza kulishwa. Hayo huingia katika mfuko wa taka za kawaida. Chupa ya plastiki huoshwa, huvuliwa karatasi yake ya ubavuni, hubanwa, kisha huwekwa na chupa wenzake. Vyote hutolewa nje jioni ya siku zilizopangwa, na atakayetoa siku nyingine atakuta asubuhi mfuko wake umeachwa pale pale na karatasi ya onyo imebandikwa juu yake, mbele ya macho ya mtaa mzima. Muulize mwenye nyumba siku ya kwanza, uandike majibu yake, uyabandike juu ya sinki.

Katika adabu, kijana aliyelelewa kwa shikamoo amekwisha kupewa nusu ya elimu. Kutoa na kupokea kwa mikono miwili, kumwinamia mkubwa, kutomtangulia mzee kushika kijiko, kumwita mwalimu kwa cheo chake wala si kwa jina, yote hayo hayatakuwa mageni kwake kama yanavyokuwa mageni kwa Mmarekani au Mjerumani wa rika lake. Jambo atakaloliona geni ni ukali wa hesabu ya umri, kwa kuwa mwanafunzi aliyetangulia kuingia chuo mwaka mmoja tu ni mkubwa wako, hupewa heshima kwa namna ya kusema naye, na yeye kwa upande wake huwa na wajibu, ambao wengi wao huutimiza kwa ukarimu, wa kukulipia chakula na kukuonyesha njia. Katika treni, viti vya mwisho wa behewa ni vya wazee, nao vijana hawaketi hapo hata vikiwa vitupu; vile vya rangi ya waridi ni vya wajawazito. Humo watu husema kwa sauti ya chini sana, na anayeongea na nyumbani kwa sauti tuliyoizoea stendi ya Ubungo husikiwa na behewa zima.

Kuna suala la ulevi, nalo lisemwe waziwazi. Mwezi wa Machi na Aprili idara na vyama huwachukua wanafunzi wapya safari ya usiku mmoja nje ya mji, huko huchezwa michezo hata usiku mkubwa, na pombe ya soju haikosi. Usiikimbie safari hiyo, maana urafiki wa muhula mzima hufungwa humo. Lakini kama hunywi, sema mapema, kabla gilasi ya kwanza haijamiminwa, useme mara moja na kwa uso mkunjufu, kisha uinue gilasi yako ya maji pamoja na wengine. Anayekataa tangu mwanzo huheshimiwa, ilhali anayekubali moja kwa haya hataweza kuikataa ya pili.

Nyama ya nguruwe imo katika vyakula vingi, hata katika mchuzi unaoonekana wa mboga tupu, na samaki wadogo huchemshwa katika supu nyingi, kwa hiyo Mwislamu na mtu asiyekula nyama hawana budi kujua kuuliza. Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, uko juu ya kilima cha Itaewon, na katika vichochoro vinavyoupandia yapo maduka ya nyama halali, ya bizari na iliki, ya dengu na maharagwe, na unga ambao kwa subira waweza kusongwa ukawa ugali. Huko huko Itaewon ndiko wanakopatikana wasusi wa nywele zetu, na msichana mwenye busara ataulizia bei kabla ya kuketi. Chakula cha bwalo la chuo ni rahisi kuliko vyote na hakina ubaya.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Seoul jembe hutolewa kabla mgeni hajafika. Kujiandikisha masomo hufanywa mtandaoni, saa maalumu ya siku maalumu, na somo linalopendwa hujaa kwa kufumba na kufumbua, hata wanafunzi wenyeji wengine huenda kukaa katika vilabu vya michezo ya kompyuta, ambako intaneti ina kasi kubwa, wakiisubiri dakika ifike. Vyuo vingine huwatengea wageni nafasi zao, navyo vyote huwa na siku chache za kubadilisha masomo mwanzoni mwa muhula. Zitumie bila haya, ukamwandikie mwalimu wa somo lililojaa barua fupi ya heshima. Mahudhurio huhesabiwa kwa ukali, na anayekosa zaidi ya robo au thuluthi ya vipindi, kwa kadiri ya sheria ya chuo, amefeli hata kama angepata alama zote katika mtihani. Fauka ya hayo, katika masomo mengi idadi ya wenye A imewekewa mpaka, kwa hiyo hushindani na karatasi ya mtihani tu, unashindana na aliyeketi kando yako; uliza kama wageni wa kubadilishana wanasamehewa kanuni hiyo, kwa maana baadhi ya vyuo huwasamehe.

Utakayeshindana naye ametoka mbali. Nchi hii katika noti yake ya won 1,000 imeweka sura ya mwanachuoni Yi Hwang, katika ile ya 5,000 mwanachuoni Yi I, na katika ile ya 50,000 imemweka Shin Saimdang, mchoraji na mtunzi wa mashairi, ambaye ndiye mama yake Yi I. Na kila Novemba, siku ya mtihani wa taifa wa kuingilia vyuo vikuu, ndege huzuiwa kupaa na kutua wakati watahiniwa wanaposikiliza sehemu ya Kiingereza. Jirani yako wa maktabani alipita katika tundu hilo la sindano. Maktaba wakati wa mitihani huwaka taa usiku kucha, kiti huchukuliwa kwa mashine au kwa simu kwa muda maalumu, na usipoongeza muda hupewa mwingine. Kazi nyingi ni za makundi, na mgeni huachiwa kwa upole sehemu ya kusema Kiingereza mbele ya darasa. Ikubali, lakini omba na sehemu ya utafiti, usije ukawa kipaza sauti cha mawazo ya wenzako. Na ujumbe wa kundi katika KakaoTalk ujibu siku ile ile, kwa kuwa ukimya huko husomeka kama uvivu.

Baridi, kwa mtu wa muhula, huja mwanzoni au mwishoni, nayo ni ya kweli: asubuhi za Machi bado hukaribia kuganda, na Desemba maji huganda mitaani. Usinunue koti Kariakoo wala Gikomba kwa ajili ya hali hiyo, maana koti zito la kwetu huko ni shati. Nenda Dongmyo, kwenye njia ya kwanza ya treni, ambako kuna soko la mitumba la wazi, na wazee kwa vijana huinama juu ya marundo ya nguo wakichambua. Hapo mtu aliyezoea kuchagua mitumba yuko nyumbani, na koti la manyoya ya bata lililovaliwa na mwingine litamkinga sawasawa na jipya. Machipuko yana upepo uletao vumbi la manjano kutoka majangwa ya Mongolia na China. Simu hutoa onyo, na siku hizo vaa barakoa.

Sitakuficha kwamba watu watakutazama. Mtoto atakukodolea macho katika treni, bibi mzee aweza kukugusa nywele bila kuomba ruhusa, na huenda mwenye chumba akakuambia kimejaa mara akuonapo. La mtoto na la bibi ni ugeni tu. La mwenye chumba ni dharau, na haikupasi kulitafutia udhuru, bali kulipeleka katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, inayojua mlango gani wa kubisha. Ubalozi wa Kenya na wa Tanzania upo Seoul. Jiandikishe kwako juma la kwanza, usingoje siku ya shida. Na kwa kila anayekutazama kwa mshangao, yupo anayekutafuta: Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kina idara ya taaluma za Afrika katika kampasi yake ya Yongin, kusini ya Seoul, ambako vijana wa Kikorea husomeshwa Kiswahili, nao wana kiu ya mtu wa kuzungumza naye. Patana na mmoja wao mkutane kila juma, saa moja ya Kiswahili na saa moja ya Kikorea, na katika mambo yote niliyoyataja hapa hili ndilo ninalolithamini zaidi, kwa kuwa humo mgeni huacha kuwa mwenye kupokea tu.

Kwa kupiga simu nyumbani, msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo hakuna aliyeipanga. Seoul imeitangulia Afrika Mashariki kwa saa 6 kamili, kwa hiyo saa ya ukutani ya huko, ukiisoma kama ilivyo, ndiyo saa ya nyumbani kwa hesabu yetu: mishale ikiwa kwenye 3 baada ya adhuhuri huko, Mombasa ni saa 3 asubuhi, na ikiwa kwenye 9 ya usiku, kwa mama ni saa 9 alasiri, wakati mzuri wa kumpata ametulia. Mwenye jamaa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi apunguze saa moja.

Kuondoka nako kuna karatasi zake. Funga akaunti ya benki na laini ya simu siku chache kabla ya safari, maana ankara hazijui kwamba umeondoka, na hati ya ukaazi uikabidhi kwa afisa wa uhamiaji pale uwanjani. Alama za mwisho aghalabu hutoka baada ya wageni kwisha kutawanyika, kwa hiyo jaza mapema ombi la hati ya alama ipelekwe moja kwa moja chuoni kwako. Mihtasari ya masomo yote uliyoyasoma, pamoja na saa za vipindi na vitabu vilivyotumika, ipakue na kuihifadhi kabla akaunti yako ya chuo haijafungwa, kwa kuwa idara ya nyumbani itaidai, na itaidai wakati ambao walimu wa Seoul wako likizo.